Filamu ya dagaa isiyo na dagaa: dogo alivyoomba chuo

Nina steshenari Mwanga, Kigoma mjini, na kama umekaa huku unajua steshenari siku hizi kalamu na madaftari ni ziada tu, kazi yenyewe ni kuombea watoto vyuo. Matokeo ya form four yakitoka Januari benchi langu la nje linajaa wazazi na bahasha zao za kaki, mara jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la kwenye matokeo, mara kontro namba imeisha muda, yani fomu za unesi, famasi, ualimu na maendeleo ya jamii naweza kujaza huku naongea na simu. Filamu ilikuwa haijawahi kupita mezani kwangu hadi mdogo wangu wa mwisho alipomaliza shule mwaka 2023 akaja na kauli yake, dada mi naomba filamu.

Naandika haya maana tangu apate nafasi naulizwa sana, na wengi wanaouliza wanaanzia kwenye kamera. Ilikuwa kamera gani, mlikodi kwa nani, bei gani. Simu ilikuwa Tecno yenye ufa kwenye kioo, tuliweke hilo pembeni kwanza.

Nyumbani ndo kulikuwa na kazi. Mama yetu anaanika dagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, toka sijazaliwa, mzee alistaafu reli. Ukitaja filamu mbele ya mama yeye anamkumbuka mwigizaji Kanumba, alipofariki Aprili 2012 mama aliomboleza na kanga ya msiba kabisa, kwahiyo mama hakukataa, alichosema ni kwamba dogo hana sura ya kuigiza. Tulicheka siku hiyo mpaka majirani wakauliza. Mzee ndo alikuwa mgumu, "mtoto wa kiume utoke Kigoma uende Pwani ukajifunze kulia kwenye sofa?" Dogo akamweleza taratibu kwamba wanaolia ni waigizaji, nyuma yao kuna mtu wa kamera, mtu wa sauti, mtu wa taa, mhariri, kuna anayeandika skripti, na kuna mtu kazi yake ni kushika daftari aangalie kama shati alilovaa mhusika asubuhi ndo hilohilo kwenye tukio linalofuata. Hapo kwenye daftari mzee akatulia. Miaka yote ya reli alikuwa mtu wa madaftari, muda wa treni, namba za mabehewa, nani kasaini. Akauliza, "na huyo wa daftari analipwa?"

Swali la ada lilifuata na hapo sina maneno matamu. Mkopo wa serikali kwa stashahada ulioanza mwaka wa masomo 2023/2024 uliwekwa kwa fani za kipaumbele, afya, ualimu wa sayansi, uchukuzi, nishati, madini, kilimo na mifugo, filamu haikuwemo, na kwa anayeanzia astashahada ndo usiulize kabisa. Kwahiyo ukiomba filamu jua ni mfuko wa nyumbani. Sisi tulikaa tukagawana kabla sijagusa kompyuta, muhula wa kwanza wangu, wa pili wa kaka yetu aliyeko Kasulu, chakula na chumba mama na mzee wataona. Wapo watoto nimewaombea wakapata, barua ya kukubaliwa nimeiprinti mwenyewe kwa wino wa rangi, na mpaka leo nawaona wanaendesha bodaboda kwasababu kikao cha hela kilifanyika baada ya barua kuja.

Kuhusu wapi pa kuomba, mtu akisikia chuo cha sanaa anataja Bagamoyo, na ni haki yao, kile chuo kipo toka 1981 na kuanzia 2007 ni wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa. Ila sio hicho peke yake, vipo vya binafsi vinavyofundisha utangazaji na uzalishaji wa video, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wana sanaa lakini kwa shahada huwezi kuruka na form four yako. Alikoomba dogo sipataji, mambo ya ndani ya usaili wa watu sio ya kuanika hadharani. Kwa form four mlango ni astashahada, ufaulu wa masomo manne kuanzia D na masomo ya dini hayahesabiwi, hapo shika vizuri, maana kila mwaka napata mtoto mwenye D nne safi kumbe moja ni ya dini, namrudishia bahasha yake na sijui hata nimwambie nini. Na chuo ambacho hakina usajili wa NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo hivi, hata kiwe na tangazo zuri vipi usikitumie hela ya fomu.

Dogo alikuwa na sifa. Vyeti tukaskani, picha pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, kontro namba tukalipa kwa simu, mpaka hapo ni kazi ninayoifanya kila siku. Halafu ndo kikaja kile kipengele ambacho kwenye unesi hakipo. Wanataka video fupi ya kwako mwenyewe isiyozidi dakika tano, storibodi yake yani michoro ya matukio kwa mpangilio, na barua ya ukurasa mmoja kueleza kwanini unataka kusoma filamu, alafu wakikupenda wanakuita usaili.

Wazo lake la kwanza lilikuwa majambazi. Ujiji usiku, bunduki za mbao, moshi wa kuweka na CapCut, ile programu ya kuhariri video kwenye simu, rafiki zake washakubali na mmoja kashanunua miwani meusi. Vijana wa huku wamekulia vibanda umiza na movi za kutafsiriwa, huwezi kuwalaumu. Nikamwambia mdogo wangu, hao walimu wameshaona bunduki za mbao nyingi mno, na watoto wa Dar wana bunduki za mbao nzuri kuliko zako. Alininunia.

Kilichomwokoa ni ziwa kufungwa. Mei 15, 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu mpaka Agosti 15, ni makubaliano ya nchi zote nne za ziwa hili, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapate kuzaliana. Kibirizi ile ya kelele na ndoo na maji ya samaki miguuni ikawa uwanja mtupu. Lakini mama bado anaondoka alfajiri kama kawaida. Siku moja dogo akamuuliza, mama unaenda wapi na dagaa hakuna? Mama akamjibu naenda kulinda chanja. Wale wa mbali nieleze, zamani dagaa walikuwa wanaanikwa chini mchangani, siku hizi wengi wanatumia chanja, meza ndefu za miti zimetandikwa wavu juu, na chanja ikikaa tupu wiki mbili watu wanaiona kuni. Kwahiyo mama zetu walikuwa wanakaa pale asubuhi hadi jioni wanalinda meza tupu, wanasukana, wanakaanga mihogo na mawese, wanasimuliana. Dogo alirudi jioni hiyo kaacha habari za majambazi. Akasema dada nimepata.

Kupata wazo na kuruhusiwa kurekodi ni vitu viwili. Kipindi kile doria zilikuwa kali, sasa kijana anazunguka mwaloni na simu kainyanyua, unategemea watu wafikirie nini? Walimwona mpelelezi. Kuna wababa walimzunguka wakamnyang'anya simu wakafuta kila kitu, na mmoja akamwambia ukirudi tena hapa tutakuogesha. Alirudi nyumbani anatetemeka, mi nikataka niende nikagombane, mama akanizuia, akasema kesho anakuja na mimi na simu inabaki nyumbani. Basi akawa anaenda bila simu. Anachota maji, anakaza nyavu zilizolegea kwenye chanja, anatumwa mihogo, anapiga shikamoo mwalo mzima. Wakati huohuo mzee akaenda kuongea na mwenyekiti wa mtaa na watu wa BMU, wale wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, wakaelezwa ni mtoto wa fulani na ni kazi ya shule. Mwishowe wamama wenyewe ndo wakaanza kumuuliza, we si ulikuwa unataka kutupiga video, simu iko wapi? Na waliokataa alikubaliana nao, kuna shangazi mmoja alisema sura yake isionekane, ukiangalia filamu ile utaona mikono tu inamenya mihogo, na ile mikono kwangu mi ndo picha nzuri kuliko zote mle.

Kwenye kupiga kuna mambo alijifunza ambayo mtoto yeyote wa huku atayahitaji. Mwanga wa ziwani ni mkali, ukielekeza simu majini sura ya mtu inakuwa nyeusi, ukiirudisha kwa mtu maji yanakuwa meupe pee, na simu inabadilishabadilisha yenyewe katikati ya klipu. Dawa yake ni kubonyeza kidole kwenye kioo ukakishikilia mpaka mwanga ujifunge, na kupiga mapema asubuhi au kuanzia saa kumi jioni, saa saba mchana achana nayo. Simu ilale, usiisimamishe. Tripodi hatukuwa nayo, aliegesha kwenye ndoo ya mchanga na kokoto mbili za kuibana, ikatulia vizuri tu.

Sauti sasa. Hapa ndo aliteseka. Upepo wa ziwa ukigonga maiki ya simu unasikia vuuuu, mama anaongea maneno ya maana na hamna hata moja linaloshikika. Akachukua simu yangu, akaivika soksi, akawa anaiweka mapajani kwa anayeongea chini ya kanga inarekodi sauti peke yake, yeye na Tecno anapiga picha akiwa mbali kidogo, na anapiga kofi moja mwanzoni ili baadae kwenye kuhariri alinganishe sauti na picha kwa lile kofi. Sijui hilo la kofi alilitoa wapi, YouTube nadhani, bando zangu ziliisha sana mwezi ule. Nawaambia watoto wanaokuja, mtu anavumilia picha yenye ukungu, sauti mbovu havumilii hata dakika.

Alipanga mwisho wa filamu uwe ziwa kufunguliwa. Agosti 15 wavuvi wanaingia, alfajiri wanarudi, dagaa wanamwagwa kwenye chanja, meza tupu zinajaa, mwisho. Kwenye storibodi alichora hivyo kabisa, nyuma ya karatasi zangu zilizoharibika, kiboksi kwa kiboksi, cha mwisho kapaka dagaa na penseli mpaka karatasi ikatoboka. Na mwisho wa kutuma maombi ulikuwa wiki inayofuata.

Sasa mtu wa Kigoma ashajua shida iko wapi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mitumbwi ya kipe, ile miwili inayounganishwa kwa nguzo na wavu unashuka katikati, inawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana, dagaa wametawanyika, kwahiyo wavuvi wengi mbalamwezi wanapumzika. Na mwaka ule mwezi mpevu uliangukia Agosti 19. Ziwa limefunguliwa na mwezi uko pale juu unang'aa. Wapo walioingia hivohivo kwa hamu, ila upande anaoanika mama matajiri wa vipe walisema wanasubiri giza. Dogo alikaa mwaloni alfajiri na simu yake kwenye ndoo ya mchanga na hakuna aliyerudi na kitu, maana hakuna aliyekwenda.

Alitaka kuchukua klipu ya dagaa mtandaoni aibandike. Mi nikamwambia fanya unavyoona, filamu ni yako, ila wakikuuliza hii umepiga lini utajibu nini? Akashinda na hilo. Kesho yake akaenda akapiga kilichokuwepo, wavuvi wanajaribu taa mchana, wanazungusha betri, mmoja anafuta balbu na fulana yake, mama anaosha chanja kwa brashi na sabuni anaangalia juu. Akaishia hapo.

Kuhariri tulifanyia kwenye simu maana kompyuta zangu zikifungua hata video ya harusi zinakwama. Tuligombana kwenye wimbo tu, yeye anataka bongofleva iingie kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mi nasema kwanza wimbo wa mtu una mwenyewe na kuna sheria ya hakimiliki toka 1999, pili ukiweka wimbo juu ile sauti uliyoitesekea na soksi itasikika saa ngapi? Akautoa kwa hasira. Baada ya kuangalia bila wimbo akakata na maneno mengine ya mama, akaacha brashi tu inasugua. Hapo nilinyamaza, maana mi nisingekata, mama alikuwa anaongea vizuri sana pale.

Kutuma ni kwangu. Faili lilikuwa kubwa, tukapandisha Google Drive usiku wakati mtandao mwepesi, na linki nikaifungua yote kwa mtu yeyote mwenye nayo, alafu nikaijaribu kwenye simu ya jirani ambayo haina akaunti yangu. Fanyeni hivyo jamani, mwalimu akikuta linki inamwomba aombe ruhusa hakupigii simu, anaendelea na mwingine. Barua aliandika mwenyewe, ya kwanza ilikuwa "tangu utotoni nimekuwa na ndoto kubwa", nikamwambia hiyo sentensi naiprinti kila siku kwa watu wa unesi. Ya pili ikaanza na wamama wanaolinda meza tupu, ikaenda.

Usaili ulikuwa wa video, Zoom, kwenye chumba changu cha nyuma. Nikafunga mlango wa mbele nikabandika karatasi "narudi nusu saa", na bado kuna mzee aligonga wee, "binti, fotokopi ya kitambulisho tu!" Dogo kavaa shati la mzee wetu. Walikuwa watatu kwenye kioo, akawapa shikamoo wakamjibu, mi nimekaa nyuma ya fotokopi sionekani nasikia yote.

Hawakuuliza kamera. Mmama mmoja kati yao alianza, "kwanini kamera yako iko chini hivi muda wote?" Dogo akasema, mwalimu kazi ya mama ni ya kuinama, nikisimama naona mgongo wake tu. Akaulizwa hapa umekata mbona mama alikuwa hajamaliza sentensi, akasema alichokuwa anamalizia mikono ilikuwa ishakisema. Alafu mbaba mwenye miwani akauliza, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza, "kijana, filamu yako ni ya dagaa, dagaa wako wapi? Sijaona hata mmoja."

Nikasema moyoni basi.

Dogo akamwambia, "mwezi ulikuwa mpevu mwalimu." Kimya. Akaendelea, akamweleza kipe, taa, giza, akamweleza ziwa lilifunguliwa likakuta mbalamwezi, kwahiyo baada ya miezi mitatu ya kusubiri serikali watu wakaanza kusubiri mwezi, na mama pale mwisho anaangalia juu, anauangalia huohuo, jua lilikuwa halijazama na ulikuwa ushaonekana kwa mbali. Mwenye miwani akasema ngoja, nirudishie hiyo sehemu. Wakaiangalia tena pale pale. Akauliza "mbona hujaupiga huo mwezi ukatuonyesha?" Dogo akasema simu ilikuwa inauona kama doa. Wakacheka wote watatu, na kuanzia hapo ikawa maongezi, wanamuuliza kipe kinaendeshwaje, taa za sola zimeanza lini, utadhani wao ndo wanataka kuja kusoma Kigoma.

Majibu yalikuja kwa imeli, nikaiona mi kwanza maana imeli yake imefunguliwa kwangu. Mama alipoambiwa akauliza kama na yeye analipwa maana ndo kaonekana muda wote. Mzee akatoa daftari jipya la kaunta, jalada gumu, akamwambia hili la kuandikia mashati. Dogo aliondoka na treni, ile ya zamani, dagaa wa mama ndoo nzima chini ya siti kwasababu giza lilikuwa lisharudi, na simu yake ya kwanza kutoka chuoni ilikuwa kuomba hela.

Sasa hivi filamu ni fomu ya kawaida mezani kwangu. Juzi kaja binti wa Gungu na flashi, kafungua ni harusi ya kaka yake, kuna drone, wimbo juu mpaka mwisho. Nikamuuliza we hapo umepiga ipi? Akasema sijapiga nimehariri. Nikamuuliza kwenu mnafanya kazi gani, akasema bibi yupo Simbo anakamua mawese. Nikamwambia nenda kwa bibi na simu yako, urudi na dakika tano bila wimbo.

"Na bibi akikataa kurekodiwa dada?"

Nikamwambia simu iache kwenye mkoba, ashike mikungu ya michikichi kwanza.